Alama Zinapoingia Kwenye Blogu ya Darasa

Wahadhiri wengi siku hizi huwapa wanafunzi kazi ya kuandika blogu: kila wiki andiko moja, pamoja na maoni mawili kwa maandiko ya wenzao. Nia ni njema. Mwanachuo aliyezoea insha inayosomwa na mtu mmoja anapata wasomaji na kujifunza kutetea hoja mbele ya watu. Kisha mhadhiri anaweka alama, na hapo mwandishi anabadilika.

Yatazame maandiko yenyewe. Yanamiminika dakika za mwisho. Yakitakiwa maneno 300, yanakuja 305. Maoni ya mwanafunzi kwa mwenzake ni "nakubaliana nawe kabisa", kwa kuwa kumkosoa hadharani kunaonekana kama kumharibia, na kumsaidia anoe hoja yake ni kumpandisha mshindani.

Tusikimbilie kuyaita haya uvivu; huenda zawadi yenyewe ndiyo inayopunguza hamu. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti na kukipata walipungukiwa hamu ya kuchora siku zilizofuata. Waliopewa cheti bila kuahidiwa waliendelea kuchora kama kawaida. Mwaka 1988, Ruth Butler alichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa shule nchini Israel. Baadhi walirudishiwa kazi ikiwa na maoni tu, wengine alama tu, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni tu waliboresha kazi zao na hamu yao haikufa. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika vile.

Tokeo hilo la mwisho linapaswa kumshtua kila anayesahihisha usiku kucha. Alama ikikaa kando ya maoni, mwanafunzi anaiangalia alama, anajilinganisha na jirani yake, na maoni yanabaki bila msomaji.

Ushindani huzidisha tatizo. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani kilielekeza kwamba alama za daraja A zisizidi asilimia 35 katika kozi za shahada ya kwanza. Alama zikigawiwa kwa kipimo, mafanikio ya mwenzako yanaonekana kama hasara yako. Wanafunzi walilalamika kwamba ushirikiano unadhoofika, na mwaka 2014 chuo kiliifuta sera hiyo. Kwetu Tanzania hakuna ukomo wa namna hiyo, lakini anayeikimbiza GPA ya 4.4 ili apate daraja la kwanza anahesabu kila nukta ya tathmini endelevu.

Je, tuziondoe alama kabisa? Hapana. Mwanafunzi mwenye kozi tano ataitupa kwanza ile isiyo na alama, na siwezi kumlaumu. Ninachoshauri ni kuzihamisha. Andiko la kila wiki lihesabiwe limefanywa au halijafanywa, basi, na lirudi na maoni ya mhadhiri pekee. Mwisho wa muhula mwanafunzi achague maandiko matatu anayojivunia, ayaandike upya, yapimwe kwa vigezo alivyovijua tangu wiki ya kwanza, si kwa kupangwa nafasi. Maoni kwa wenzake yasipewe alama hata moja, maana mazungumzo ya kulazimishwa si mazungumzo.

Wahadhiri wenzangu, muhula ujao jaribuni kurudisha kazi ya kwanza bila tarakimu yoyote juu yake, kisha someni kwa makini watakachoandika wiki ya pili.