Gari la otomatiki: je, giaboksi imekufa kweli?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Leo tunaingia gereji.

Tuseme watu sita wa likelemba moja wamechanga pesa kwa muda mrefu, wakanunua Toyota ya zamani, Corolla au Noah ya miaka ya 1990, iliyotoka Japani ikapita mikononi mwa watu wengi. Ndiyo inayopeleka magunia ya mahindi sokoni. Ndiyo inayobeba mama mwenye uchungu usiku wa manane. Siku moja dereva anakanyaga mafuta, injini inalia juu, gari haliendi. Fundi anaangalia dakika mbili na kusema: "Giaboksi imekufa, leteni pesa ya nyingine." Pesa ya giaboksi iliyotumika, pamoja na kazi ya kuifunga, inaweza kumaliza akiba yote ya kikundi. Labda fundi anasema kweli, labda sivyo. Kuna mambo ambayo wewe mwenyewe unaweza kuyaangalia kabla mfuko haujafunguliwa.

Kwanza uelewe mashine yenyewe. Gari la manyuo lina klachi moja, na unaibonyeza kwa mguu. La otomatiki lina klachi kadhaa ndani ya giaboksi, na kinachozibana ni presha ya oili. Oili hiyo inasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kinaitwa toki konveta. Ni kama mapanga mawili ya feni yanayotazamana ndani ya oili: moja likizunguka, oili inalisukuma la pili. Kwa hiyo oili ndiyo inayobana, ndiyo inayopooza, ndiyo inayolainisha. Oili ikipungua, presha inapungua, klachi zinateleza, na kinachoteleza kinaungua. Magonjwa mengi yanaanzia hapo.

Basi tunaanza na oili. Wengi wanaipima kama ya injini, gari likiwa limezimwa na baridi, halafu wanapata jibu la uongo. Kwa Toyota nyingi za zamani fanya hivi. Endesha gari mpaka lipate moto vizuri. Liegeshe mahali tambarare, vuta hendibreki, injini ibaki inawaka. Ukikanyaga breki, pitisha gia polepole kutoka P mpaka L, kisha rudi P. Sasa chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, kipanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena usome. Oili inatakiwa kufika kwenye alama za HOT. Honda nyingi ni tofauti: unazima injini kwanza, halafu unapima ndani ya dakika moja hivi. Na kuna magari ya karibuni ambayo hayana kijiti kabisa. Hayo yanapimwa kwa kuingia chini, mwachie fundi.

Ikiwa imepungua, ongeza kidogo kidogo. Ikizidi si baraka: oili iliyozidi inachapwa na vyuma mpaka inatoa povu, na povu halibani klachi. Soma pia aina ya oili inayotakiwa, mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, kwa mfano Dexron au T-IV. Usikubali kuwekewa oili ya injini eti zote ni oili. Halafu tafuta inakovujia, kwa sababu giaboksi haichomi oili kama injini. Kama imepungua, imetoka mahali.

Baada ya kiasi, tazama rangi na unuse. Oili mpya ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia kidogo imezeeka tu. Ikiwa nyeusi na inanuka kitu kilichoungua, klachi zimeshaungua, na hapo fundi wako ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ikiwa nyeupe-pinki kama chai ya maziwa, maji yameingia. Katika magari mengi oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta, na kibomba cha humo kikitoboka, maji na oili vinachanganyika. Gari la namna hiyo usiliendeshe hata kilomita moja zaidi, maana maji yanaharibu klachi haraka sana. Ukinunua giaboksi nyingine ukaacha rejeta ileile, umeitupa pesa yako.

Sasa tuje kwenye dalili. Gari likiwa moto, limesimama, mguu kwenye breki, toa gia N uweke D. Lazima usikie mwili wa gari ukishika. Katika Toyota, kipimo cha kawaida ni chini ya sekunde 1.2 kwa D, na chini ya sekunde 1.5 ukitoka N kwenda rivasi. Ukihesabu mpaka tatu ndipo inashika, presha ni ndogo au klachi imelika.

Angalia pia ni gia zipi zinaumwa. Kama D na rivasi zote zinateleza, fikiria kitu kinachohudumia zote: oili pungufu, chujio lililoziba, pampu. Kama rivasi ni nzima na D haiendi, ugonjwa uko ndani, kwenye klachi ya kwenda mbele. Lakini kama D haisukumi gari kutoka mahali, na ukiweka L linaondoka vizuri, klachi hiyo ya mbele inafanya kazi. Mara nyingi kilichokufa ni kifaa kingine cha ndani kinachoshika upande mmoja tu. Mweleze fundi hayo yote kwa maneno yako. Fundi mzuri atafurahi, ameokoa nusu saa.

Gari linakimbia ila haliingii gia ya mwisho? Kabla ya yote tazama dashibodi kama taa ya O/D OFF inawaka. Kuna kitufe kwenye mkono wa gia, mtoto au mzigo unaweza kukibonyeza. Pia injini ikiwa bado baridi, kompyuta inaizuia gia hiyo kwa makusudi, kwa hiyo thamostati mbovu inaweza kukuletea ugonjwa unaofanana na wa giaboksi.

Ila taa hiyo ikiwa inapepesa yenyewe wakati unaendesha, ni jambo jingine: kompyuta imeona kosa na imeliandika. Katika Toyota nyingi za wakati huo kuna kisanduku chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC. Fundi wa umeme anaunganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi bila kuwasha injini, O/D ikiwa haijazimwa, kisha anahesabu taa inavyopepesa. Mara sita, kimya kidogo, mara mbili: hiyo ni 62. Namba 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, au waya zake. Solenoidi hukaa ndani ya sampu ya giaboksi, unaifungua kutokea chini. Bei yake na bei ya giaboksi nzima ni kama kuku na ng'ombe. Wewe mwenyewe usichomeke waya kwenye tundu usilolijua.

Giaboksi za zamani zaidi zina kebo nyembamba inayotoka sehemu ya mafuta ya injini kushuka kwenye giaboksi. Kebo hiyo inaieleza giaboksi umekanyaga kiasi gani. Ikilegea, gia zinabadilika mapema na klachi zinateleza. Ikikazwa mno, gia zinachelewa na kugonga. Kuirekebisha ni kazi ya spana mbili. Nimekaa gereji kuandaa kipindi hiki, na hicho ndicho kitu ambacho mafundi wachache walikigusa kwanza, ingawa ndicho rahisi kuliko vyote.

Kuna mlio wa "gudu" ukibadilisha D kwenda rivasi. Usikimbilie giaboksi. Mpira unaoshikilia injini ukikatika unagonga vilevile. Fungua boneti, mtu mwingine abadilishe gia akiwa amekanyaga breki kabisa, wewe usimame pembeni, kamwe usisimame mbele, uone kama injini inaruka. Na gari linalotikisika likipanda kilima, pengine ni plagi moja haichomi.

Fundi akisisitiza kwamba imekufa, mwombe kwa heshima: "Fundi, tufungue sampu tuone pamoja." Ndani kuna sumaku. Ikiwa na tope laini la kijivu, huo ni ulaji wa kawaida wa miaka. Ukikuta vipande vya chuma, au punje nyingi nyeusi za klachi, amesema kweli. Na hapo kubadilisha oili peke yake hakutafufua kilichoungua, hata ukiambiwa ni oili ya bei kali.

La mwisho, kwa vijana wetu wenye nguvu. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Pampu inazungushwa na injini; injini ikiwa imezimwa hakuna presha, mtasukuma mpaka jioni. Na kwa sababu hiyohiyo, likiharibika njiani usilivute kwa kamba safari ndefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwani giaboksi itazunguka bila kupata oili ya kutosha. Corolla kwa kawaida inasukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo yanyanyuliwe. Noah nyingi za miaka hiyo zinasukumwa na ya nyuma.

(Muziki unapanda. Mwisho wa kipindi.)