Kabla ya kununua bunduki ya Bonana, tafuta miwani kwanza

Bonana inakaribia. Kwenye soko la komini ya Kenya wachuuzi wameanza kutandika vitu vya watoto: viatu, mipira, wanasesere, na zile bunduki za plastiki zinazoingia kwa malori kupitia Kasumbalesa. Zamani zilikuwa za kurusha maji au za kupiga kelele tu. Siku hizi nyingi zinarusha vipunje vya plastiki vigumu, vya duara, vyenye upana wa milimita 6. Watoto wanaviita risasi, na sisi tutaviita hivyo hivyo.

Mwaka huu, tarehe 2 Januari, vijana wanne walikuwa wanapigana vita vyao vya mchezo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu. Mtoto aliyeumia hakuwa anacheza. Alikuwa binti wa miaka tisa, amekaa kwenye ngazi anamsuka mdogo wake. Risasi iligonga ukuta, ikarudi, ikampiga jichoni. Mama yake alipofika alikuta mtoto amefunika jicho kwa kiganja. Hakuona damu, akafikiri ni maumivu ya kupita. Jirani anayenyonyesha akatoa maziwa ya kifua, wakamdondoshea, kama bibi zetu walivyofanya. Tusidanganyane, wengi wetu tungefanya vile vile.

Siku ya tatu mtoto akasema anaona kama kuna moshi nyumbani. Munganga wa macho alikuta damu imekaa ndani ya jicho, kati ya ngozi ya mbele inayong'aa na ile duara yenye rangi. Alilazwa, akaamriwa kutulia na kulala kichwa kikiwa juu. Leo anaona, tunamshukuru Mungu. Lakini anarudi kupimwa kila baada ya muda, kwa sababu jicho lililopigwa hivyo linaweza kupandisha shinikizo ndani yake au kufunga mtoto wa jicho hata baada ya miaka mingi.

Kwenye mkutano wa kundi letu baadhi walisema tuchome bunduki zote. Tuliwaelewa. Hata hivyo kijana ukimnyang'anya ya kwake atacheza na ya rafiki, kwenye kartie nyingine, mahali ambapo hakuna mama anayetazama. Tukakubaliana hivi: anayetaka kukataza nyumbani kwake akataze, na anayeruhusu, bunduki isitoke sandukuni kabla miwani haijapatikana. Tena si kwa mpigaji peke yake, ni kwa kila aliye ndani ya ua, hata anayesuka.

Hatukubuni sheria hii. Mchezo wenyewe ulianzia Japani, ukaenea Ulaya na Marekani, na huko watu wazima wanaucheza kama michezo mingine, wanauita ersofti. Kwenye viwanja vyao hakuna anayeingia macho wazi, awe mchezaji, mwamuzi au mgeni aliyekuja kutazama. Ufaransa ina sheria tangu mwaka 1999 inayokataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18 bunduki ya aina hii ikiwa nguvu yake inapita juli 0.08. Sokoni kwetu hakuna anayeuliza umri, kwa hiyo kazi hiyo ya kuuliza ni yetu.

Hizo juli ni nini? Ni kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka, na mara nyingi kimeandikwa kwenye sanduku kwa herufi J. Bunduki ya juli 1 inarusha risasi ya gramu 0.20 kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde moja. Fikiria uwanja wa mpira: kama hewa isingeipunguza mwendo, ingevuka kutoka goli hadi goli kwa sekunde moja hivi. Kama sanduku halisemi kitu, tuihesabu kuwa na nguvu. Kwa maoni yetu bunduki ya juli 1 si ya mtoto, Bonana au siku nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye miwani, au malineti kama wengi tunavyosema. Tulikwenda wamama watatu, tukazunguka soko asubuhi nzima. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa miwani ya jua, nyeusi, ya kupendeza. Tuliikataa. Miwani ya jua inapasuka, na vipande vyake vinaingia jichoni pamoja na risasi, ikawa mabaya mawili badala ya moja. Miwani ya kusomea nayo ni hivyo hivyo. Mtoto anayevaa miwani ya munganga anahitaji nyingine kubwa ya kuvaa juu yake. Ya pili ilikuwa na wavu wa waya mahali pa kioo. Vijana wanaipenda kwa sababu haiingii ukungu. Lakini risasi mbovu ikigonga waya inaweza kuvunjika, na vipande vidogo vikapita kwenye matundu. Hiyo pia tuliiacha.

Tuliyoitaka tuliipata upande wa mafundi, pale wanapouza misumari na misumeno. Ni miwani ya kazi, kioo chake cheupe kimetengenezwa kwa plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti, ambayo ikipigwa inabonyea bila kupasuka. Muuzaji alishangaa kutuona tunageuza kila moja na kuisoma kama barua. Tulikuwa tunatafuta alama.

Kwenye miwani iliyopimwa kwa kanuni ya Ulaya ya EN 166, fremu imeandikwa namba hiyo, na pembeni kuna herufi. Herufi F maana yake ilipigwa kwa kipunje cha chuma cha milimita 6, upana ule ule wa risasi za watoto wetu, kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde, ikastahimili. Herufi B maana yake ilistahimili mita 120 kwa sekunde. Chuma hicho kina uzito wa gramu 0.86, zaidi ya mara nne ya risasi ya plastiki. Ukipiga hesabu, F inabeba nguvu isiyofika hata juli 1, na B inapita juli 6. Kwa hiyo F inatosha kwa vile vibunduki dhaifu vya watoto. Kijana mkubwa mwenye bunduki kali anahitaji B, na B haipatikani kwenye miwani ya kawaida yenye mikono ya masikioni. Inapatikana kwenye ile inayoziba pande zote na kufungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Herufi iwepo kwenye fremu na kwenye kioo pia. Zikitofautiana, ihesabu ile dhaifu. Miwani ya Kimarekani inaandikwa Z87+, na ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema imepimwa kwa kupigwa kwa nguvu. Alama ya CE ikiwa peke yake haikuambii kioo kina ugumu gani.

Mtu atasema: siku hizi hata alama zinaigwa. Ni kweli, ndiyo maana tulinunua mbili za aina moja, tukaitoa moja sadaka. Tuliifunga kwenye debe, watoto wakapelekwa mbali, na kijana mmoja, mwenyewe amevaa ile ya pili, akaipiga mara kadhaa kutoka karibu kwa bunduki yenye nguvu kuliko zote tulizonazo. Kioo kikipasuka, kikitoboka au kikichomoka kwenye fremu, usirudi kwa muuzaji yule. Cha kwetu kilibaki na alama ndogo tu. Miwani iliyopigwa hivyo havai mtu tena, itupwe.

Halafu kuna sura ya mtoto, na hapa ndipo wengi tunakosea. Miwani nyingi zimekatwa kwa uso wa mwanaume mzima. Mvalishe, kisha chukua kalamu ya risasi, kreyo yake ya masomo, ujaribu kuipitisha kwa upole kati ya fremu na shavu, kwenye nyusi, na pembeni karibu na sikio. Kreyo ni nene kidogo kuliko risasi ya plastiki. Ikipita, risasi pia itapita. Mwambie ainame, aruke, atikise kichwa. Miwani ikianguka mbele yako, itaanguka na kwenye mchezo. Yenye mpira wa kufunga nyuma inakaa vizuri zaidi kwa watoto, na mpira uliolegea unaweza kuukaza kwa sindano na uzi. Mdomo nao ufunikwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, maana jino la mbele pia huvunjika.

Adui mkubwa wa miwani nzuri ni jasho. Bonana yetu inakuja katikati ya mvua, hewa imejaa unyevu, mtoto anakimbia, kioo kinaingia ukungu, anainyanyua kidogo tu apanguse, na kwa sekunde hiyo mwenzake hajui kwamba mchezo umesimama. Chagua yenye matundu madogo ya hewa juu na chini, au yenye vioo viwili vilivyopandana. Kabla ya mchezo pakaa tone la sabuni ya maji ndani ya kioo, kisha upanguse kwa kitambaa laini mpaka usilione. Na sheria iwe moja: anayetaka kupangusa ananyanyua mkono, anaingia ndani ya nyumba, anafunga mlango, ndipo anavua. Usioshe kioo kwa petroli wala kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, plastiki hiyo inaharibika bila wewe kuona. Maji na sabuni yanatosha. Kilichokwaruzika sana kibadilishwe.

Jambo jingine halihusu macho lakini hatuwezi kulinyamazia. Bunduki nyingi kati ya hizi ni nyeusi, zinafanana kabisa na za kweli. Marekani sheria inadai ncha yake iwe ya rangi ya machungwa inayowaka. Katika nchi yetu, tunayoijua sisi wenyewe, mtoto asitoke barabarani na kitu kama hicho mkononi, hata mchana. Tukiikuta nyeusi tunaipaka rangi kali, na haivuki mlango wa ua.

Na kama licha ya hayo yote jicho limepigwa? Asilisugue wala asilikandamize. Usitie maziwa, majani, maji ya chumvi wala dawa ya matone iliyobaki ya mtu mwingine. Mketishe, kichwa kiwe juu. Funika jicho kwa kikombe kidogo cha plastiki kinachoegemea mfupa unaolizunguka, kisiguse jicho lenyewe, kifungwe kwa kitambaa. Usimpe aspirini, maana inafanya damu izidi kutoka. Parasetamoli inaruhusiwa. Kisha mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama anasema haumwi, hata kama jicho linaonekana zima kwa nje. Tulipoteza siku tatu kwa kungoja damu ionekane.

Tulipogawa miwani tuliyonunua, mama yake yule binti alichukua mbili. Moja ni ya binti. Ya pili aliivaa mwenyewe kesho yake asubuhi, alipokwenda kuponda kokoto. Amefanya kazi hiyo miaka sita, akifumba macho kila nyundo inaposhuka, na kila mama aliye pale anamjua mwenzake aliyeharibiwa jicho na kipande cha jiwe. Wenzake walimcheka siku ya kwanza, wakamwita rubani. Wiki iliyofuata watatu walikuja kutuuliza tuliipata kwa muuzaji gani.

Jumapili hii, baada ya kuhesabu likelemba, kila mwenye miwani nyumbani aje nayo, ya mtoto au ya kazi, hata kama ni ya zamani. Tutazisoma pamoja. Atakayekuja na mtoto asisahau kreyo.