Simu Inapeleka Fedha

Zamani mtu wa mjini alimpa dereva wa basi fedha azipeleke kijijini. Nyingine zilipotea njiani.

Mwaka 2005 watu wachache wa Nairobi na Thika, nchini Kenya, walijaribu kutumia simu. Shabaha ilikuwa kulipa mikopo. Lakini wao walianza kutumiana fedha! Kampuni ya simu ikafuata walivyotaka. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya. Mwaka 2008 ilifika Tanzania.

Ndugu msomaji, asiyejua kusoma humpa wakala simu yake, na namba ya siri pia. Hiyo ni hatari. Wewe sasa unasoma. Kabla ya kukubali, tazama jina na kiasi. Namba ya siri bonyeza mwenyewe, wakala asiione.