Mashine Haijui Kusema "Mwisho"

Yeyote aliyepata kununua kiondo katika soko la Machakos anajua kwamba bei haitamkwi mara moja ikaisha. Muuzaji hutaja yake. Mnunuzi akashangaa, au akajifanya kushangaa. Mama akausifu mkonge na mkono uliousuka. Mnunuzi akapiga hatua mbili za kuondoka, akaitwa arudi. Hatimaye hutamkwa neno moja linaloyafunga mazungumzo: "Mwisho." Neno hilo ni tamko la mtu anayezijua gharama zake, na anayejua kwamba akishuka chini ya hapo hauzi tena, bali anatoa sadaka.

Vijana wetu wengi, wakiwemo wahitimu waliosubiri ajira hadi wakachoka, sasa wanauza bidhaa mtandaoni. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikwisha kuwazoesha watu kulipa kwa simu. Jumia ikaingia Kenya mwaka 2013, Kilimall ikafuata mwaka 2014. Katika masoko ya aina hii ulimwenguni, muuzaji aweza kuikabidhi tarakilishi kazi ya kupanga bei. Huiandikia kanuni, nayo hukesha ikizichungulia bei za wapinzani na kuibadilisha yake mara kwa mara, mwenyewe akiwa amelala fofofo.

Kwa jicho la mwanaisimu, kanuni hiyo si kitu kigeni. Ni sentensi ya masharti tu: "Mwenzangu akishusha, nami nishushe kwa shilingi 10." Sarufi yake haina kasoro. Lakini je, mwenzake naye akiwa ameandika sentensi iyo hiyo, neno kwa neno?

Tuchukue mfano wa kijana anayeuza chaja za simu. Kila chaja ameinunua kwa shilingi 850, na ufungashaji humgharimu shilingi 50. Soko humtoza asilimia 10 ya bei ya kuuzia. Anaanza kwa shilingi 1,200 na kulala. Mashine ya mpinzani inashuka hadi 1,190, yake 1,180, ya mpinzani 1,170, na kuendelea. Alfajiri anaikuta bei ikiwa shilingi 700, na maagizo matano yanamsubiri. Anafurahi, hata anamshukuru Mungu. Kisha anachukua kalamu. Katika 700 ondoa 70 za soko, 50 za ufungashaji na 850 za ununuzi: kila chaja imemtia hasara ya shilingi 270. Kwa chaja tano amepoteza shilingi 1,350 za mtaji. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Asidhani msomaji kwamba haya ni ya kubuni tu. Mwezi Desemba 2014, programu ya RepricerExpress, ya kampuni ya Ireland Kaskazini, ilipata hitilafu, na kwa muda wa saa moja hivi bidhaa nyingi za wafanyabiashara wadogo kwenye Amazon ya Uingereza zikauzwa kwa peni moja moja.

Mashine huweza kukosea kwa upande wa pili pia. Mwaka 2011, Michael Eisen, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alifuatilia bei ya kitabu The Making of a Fly, kilichoandikwa na Peter Lawrence na kuchapishwa mwaka 1992. Wauzaji wawili walikuwa na nakala mpya mtandaoni. Wa kwanza alizidisha bei ya mwenzake kwa 0.9983, ili awe chini yake kidogo; wa pili aliizidisha ya wa kwanza kwa 1.270589. Mwanafunzi wa kidato cha pili akizidisha tarakimu hizo mbili ataona kwamba kila mzunguko uliipandisha bei kwa takriban asilimia 27. Tarehe 18 Aprili kitabu hicho kuhusu nzi kilifikia dola 23,698,655.93, gharama ya posta mbali. Siku iliyofuata muuzaji wa kwanza akarejea kwenye dola 106.23.

Kila mashine ilitii kanuni yake kikamilifu. Kilichokosekana katika sentensi zao ni kiungo kidogo ambacho walimu wa Kiswahili hukifundisha kila mwaka: "isipokuwa". Sharti lisilo na mpaka halina mwisho.

Sokoni, bei ni mazungumzo baina ya muuzaji na mnunuzi. Katika kanuni hizi, bei imegeuka mazungumzo baina ya wauzaji wawili wasiojuana, mnunuzi akiwa msikilizaji tu. Na vita vya panzi ni furaha ya kunguru: wauzaji wanaposhushana, mwenye soko huendelea kutoza ada yake juu ya kila mauzo.

Baadhi watasema: basi tupatane, tusishushane. Hapana! Nchini Uingereza, kampuni mbili zilizouza mabango kwenye Amazon, Trod na GB eye, zilikubaliana hivyo na kuziagiza programu zao zilinde mapatano. Mwaka 2016 Trod ikatozwa faini ya pauni 163,371; GB eye iliponea kwa kuwa ndiyo iliyotoboa siri. Kwetu pia, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza wafanyabiashara washindani kupanga bei pamoja. Mapatano ni mapatano, hata yakitekelezwa na mashine.

Sishauri vijana wazikimbie kanuni hizi. Nashauri waziandike kwanza kwa Kiswahili sanifu kabla ya kuikabidhi mashine, na walimu wa Kiswahili, hisabati na biashara waweza kulifanya hilo zoezi la darasani. Sentensi nne zatosha. Ya kwanza itaje bei ya chini. Katika mfano wetu, gharama ni shilingi 900. Wengi wangeongeza asilimia 10 wakapata 990, na wangepotoka, maana ada hukatwa kwenye bei ya kuuzia. Gawanya 900 kwa 0.9: jibu ni 1,000, na hapo bado hujapata faida hata senti. Ya pili itaje bei ya juu, ili usijefanana na wauza kitabu cha nzi. Ya tatu imtaje mpinzani: bidhaa yake iwe sawa na yako, nayo iwe ipo ghalani kweli. Chaja hufanana, kiondo kilichosukwa kwa mkono hakina pacha, hivyo kisifuatishwe bei ya mfuko wa kiwandani. Ya nne iseme mashine inyamaze lini na kumwamsha mwenyewe.

Yule mama wa soko la Machakos hakuwahi kuiandika kanuni yake popote, lakini sentensi zote nne anazo kichwani, na ile ya kwanza huitamka kwa neno moja. Mashine haitalitamka neno hilo asilani, ila tukiifundisha sisi. Nasi hatuwezi kuifundisha tusichokijua: gharama zetu wenyewe.