Nyumba Mpya Zinaongezeka, Watoto Watasoma Wapi?

Bati jipya linapong'aa kijijini, sisi akina mama hufurahi. Jirani ameongezeka, na soko litachangamka. Lakini ni wangapi kati yetu hujiuliza kama watoto wa nyumba hiyo watapata nafasi ya kukaa darasani?

Swali hili linawahusu sana akina mama wa Murusagamba na wilaya nzima ya Ngara. Wilaya hiyo inajua maana ya kupokea watu wengi kwa ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Wale waliishi kambini, na kambi hizo zilifungwa. Wanaofuata kazi, hata hivyo, huja kukaa. Januari 2021 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuchimba nikeli ya Kabanga, katika wilaya hiyo hiyo. Palipo na mgodi watu hutafuta kazi, wenye kazi hutafuta viwanja, na wenye viwanja hujenga.

Fedha za shule hutoka wapi?

Huko Marekani, sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya nyumba za mahali penyewe. Nyumba zikiongezeka, mfuko wa shule nao huongezeka. Kwetu sivyo. Ada ilipofutwa Januari 2016, serikali ilianza kupeleka ruzuku moja kwa moja shuleni kwa hesabu ya wanafunzi walioandikishwa. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake ilikuwa ya vitabu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kaya 60 zimehamia kijijini, na kila kaya ina watoto wawili wa shule ya msingi. Hao ni watoto 120. Kwa utaratibu wa wanafunzi 45 kwa darasa, yanahitajika madarasa matatu. Ikiwa nusu yao ni wasichana, yanahitajika pia matundu sita ya choo, kwa kuwa tundu moja ni la wasichana 20 au wavulana 25.

Kwa kiwango hicho, ruzuku yao ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Serikali ilipojenga madarasa nchini kote mwaka 2021, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Madarasa matatu ni milioni 60! Tena ruzuku ni ya chaki, vitabu na ukarabati mdogo, si ya kujenga. Ndiyo maana wanakijiji huchangia mchanga, maji na matofali, wakapandisha boma, kisha wakasubiri halmashauri ipaue. Wakati huo watoto wamebanana kwenye dawati moja.

Mama afanye nini?

Kwanza, mwandikishe mtoto mapema, na umkumbushe jirani mgeni afanye hivyo. Mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana fungu.

Pili, tuhesabu mbele. Watoto tunaowapeleka kliniki leo ndio darasa la awali la miaka michache ijayo. Kamati ya shule ikipata idadi yao kutoka zahanati, itaomba walimu na madarasa mapema, kabla watoto hawajafika mlangoni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuwamo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Basi kabla ya kuidhinisha viwanja vya nyumba, tuulize: eneo la shule liko wapi, lina ukubwa gani, na mipaka yake imewekwa alama?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Wageni wetu watatuponya kama tumewatengea watoto wao nafasi pamoja na wetu. Fedha za darasa zinaweza kuchelewa na bado zikaja. Uwanja wa shule ukishajengwa nyumba, kuupata tena ni kwa fidia na ugomvi. Mkutano ujao ukiitishwa, tuache jembe kwa saa mbili, twende tukaulize.