Kipanya kwenye skrini ya maandishi, na kinavyoweza kuokoa simu yako

Kioo cha simu ya kupangusa kimepasuka. Unaona picha, ujumbe unaingia, lakini ukigusa hakuna kinachotokea. Laini ukiihamishia simu nyingine pesa zako unazipata, ila picha na ujumbe wa miamala vimebaki mle ndani. Njia mojawapo ya kuvitoa ni kipanya, kile kile cha kompyuta. Ili tuelewe kwa nini kinakubali kwenye simu, tuanze mahali ambapo wengi hawadhani kinaweza kutumika: kompyuta isiyoonyesha picha hata moja.

Kompyuta za namna hiyo zipo. Zinaendeshwa na mifumo kama Linux au FreeBSD, na skrini yake ni maandishi matupu: herufi nyeupe juu ya weusi, kwa mashine za zamani herufi 80 kwa kila mstari na mistari 25 kwenda chini. Unaandika amri, unabonyeza Enter, inajibu. Mashine kuukuu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kufanya kazi hivi vizuri tu, kwa sababu madirisha na mapambo ndivyo vinavyokula nguvu.

Sasa kipanya chenyewe, msikilizaji, ni kifaa chenye maneno machache sana. Kila ukikisogeza kinatuma taarifa fupi: kitufe gani kimebonyezwa, nimekwenda kiasi gani kulia au kushoto, juu au chini. Basi. Hakijui kama mbele yake kuna picha, maandishi au ukuta. Tena zamani kila aina ilikuwa na lahaja yake; kipanya cha Microsoft na kile cha Mouse Systems havikusema lugha moja.

Hapa Tabora tunaijua hali hiyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji ilipita katika nchi za watemi mbalimbali, na bila mkalimani hongo isingepatanwa. Kwenye Linux, mkalimani wa kipanya katika skrini ya maandishi anaitwa gpm, programu ndogo iliyoandikwa miaka ya 1990 na Alessandro Rubini na wenzake. FreeBSD ina ya kwake, moused. Inakaa kimya nyuma ya pazia, inasikiliza kipanya, inageuza mwendo ule kuwa mahali kwenye skrini. Kwenye gpm usitegemee kuona mshale: unaona kijiboksi cha rangi kinachoruka kutoka herufi hadi herufi.

Faida yake kubwa ni kunakili. Shikilia kitufe cha kushoto, buruta juu ya maneno, yameshachukuliwa. Bofya cha katikati, yanabandikwa pale unapoandika. Ukibofya mara mbili unachukua neno zima, mara tatu mstari mzima. Kwa mtu anayehamisha namba ndefu ya akaunti kutoka faili moja kwenda jingine, hiyo ni nafuu kubwa, maana tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kwa mwingine.

Lakini kuna mtego. Mtu mbaya anaweza kunakili amri ya kufuta mafaili, pamoja na ule mwisho wa mstari unaofanya kazi ya Enter, akaiacha hapo. Wewe unakuja, unabofya kitufe cha katikati, amri inatekelezwa papo hapo. Watengenezaji waliliona hilo, ndiyo maana gpm inaweza kuwashwa kwa herufi -A, ambayo inazuia kubandika mpaka utakaponakili kitu chako. Kwa kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wengi, mimi ningeidai.

Turudi kwenye simu. Moyo wa Android ni Linux, na mkalimani wa kipanya yumo humo humo. Hakuna cha kupakua. Unahitaji kipanya cha waya na kiunganishi cha OTG kinachoingia kwenye tundu la chaji la simu yako. Angalia umbo la tundu kabla ya kununua, maana lile la zamani na la Type-C haviingiliani. Ukichomeka, mshale unatokea, na hata namba ya siri unaibofya tarakimu moja moja. Simu nyingine hazikubali OTG, na nyingine zinataka iwashwe kwanza kwenye mipangilio, jambo gumu kama kioo hakisikii. Na kama skrini imekuwa nyeusi kabisa, kipanya hakitakusaidia kwa kuwa huoni unapobofya.

Kipanya cha Bluetooth kiache dukani, kwa sababu kukiunganisha mara ya kwanza kunahitaji kugusa kioo kile kile kilichokufa. Huna kipanya? Muulize fundi simu akuazime cha kwake dakika kumi, ubofye mwenyewe. Hapo huna haja ya kumtajia namba yako ya siri.