Mtambo Hauna Dhima: Amri na Udhibiti katika Kinga ya Makombora

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Same, mzazi mmoja ambaye mwanawe anafanya kazi Abu Dhabi alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo kwa papo. Alisema: "Sheikh, nasikia huko kombora likirushwa, hurushwa jingine kuliwahi angani, na mashine ndiyo inayoamua. Basi akiuawa asiye na hatia, atakayeulizwa mbele ya Mola ni nani?" Tuliomba muda, tukasoma, tukawauliza wenye ujuzi wa fani hiyo, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Ndugu msomaji, jambo hili haliko mbali nasi. Tarehe 27 Oktoba 2016 muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ulitangaza kuwa umelitungua kombora kutoka Yemen likiwa kilomita 65 kabla ya Makka. Wahouthi walisema walikusudia uwanja wa ndege wa Jeddah, ule ule wanakoshuka mahujaji wetu. Tarehe 17 Januari 2022 Abu Dhabi ilishambuliwa kwa makombora na ndege zisizo na rubani, wakafa wafanyakazi watatu huko Musaffah, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja, watu waliotoka kwao kutafuta riziki kama kijana wa mzee wetu. Siku saba baadaye makombora mawili ya balistiki yalitunguliwa juu ya mji huo huo, na vipande vyake vikaanguka bila ya kumjeruhi mtu.

MFANO WA DUNGU

Kombora la balistiki husukumwa juu na injini yake kwa muda mfupi, kisha injini huzima. Safari iliyobaki huenda kwa kasi liliyokwisha kuipata na kwa mvuto wa ardhi, mithili ya jiwe lililotoka katika kombeo. Masafa ya kilomita 1,000 huyamaliza kwa takriban dakika kumi au pungufu. Ndani ya muda huo, ambao baadhi yetu tungali tunatia udhu, ni lazima lionekane, litambuliwe, ijulikane litaangukia wapi, itolewe amri, na lirushwe kombora la kulizuia.

Wengi hudhani kinga ni lile kombora la kuzuia. Sivyo. Kinga ni mnyororo mzima. Setilaiti huona joto la moto wakati wa kurushwa. Rada hulifuatilia njiani. Kompyuta hukusanya habari za rada zote na kukadiria mahali litakapoangukia. Kamanda huamua, na kikosi chenye mitambo hutekeleza. Kinachounganisha pete hizi ndicho kinachoitwa mfumo wa amri na udhibiti.

Wakulima wa vijiji vilivyo karibu na hifadhi ya Mkomazi watatuelewa haraka. Mlinzi aliye juu ya dungu usiku huona weusi unasogea kuelekea shambani. Huenda ni tembo, na huenda ni ng'ombe wa jirani aliyekata kamba. Hupaza sauti, hupiga simu, wenzake wa madungu mengine humwambia walichokiona wao, na askari wa wanyamapori huamua la kufanya. Kama kila mlinzi angefuma mshale kwa alichokiona peke yake, mifugo ya kijiji isingesalimika.

Na udhibiti si kurusha tu, bali pia ni kujizuia kurusha. Tarehe 23 Juni 2025 Iran iliposhambulia kambi ya Al Udeid nchini Qatar, Rais wa Marekani alisema yalirushwa makombora 14, yakatunguliwa 13, na moja likaachwa lipite kwa kuwa lilielekea pasipo na hatari. Qatar ilitoa hesabu nyingine. Lakini kanuni yenyewe ndiyo hiyo: anayejua kombora litaangukia wapi anaweza kuliacha.

MNYORORO UKIKATIKA

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, mtambo wa Patriot ulishindwa kulikabili kombora la Iraq, wakafa askari 28 wa Marekani. Mtambo ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na saa ya kompyuta yake ikawa imepotea kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Ukatafuta kombora mahali ambapo halikuwapo. Kasoro hiyo ilikwisha kujulikana, na programu iliyosahihishwa ilifika siku ya pili yake.

Tarehe 23 Machi 2003, karibu na mpaka wa Kuwait na Iraq, mtambo wa Patriot uliitungua ndege ya Uingereza iliyokuwa ikirejea kambini, wakafa wote wawili waliokuwamo. Mtambo uliidhania ndege kuwa ni kombora. Alama ya kielektroniki ya kumtambulisha rafiki haikufanya kazi, na kikosi kile hakikuwa na mawasiliano kamili na makao yake, kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa bado njiani. Askari walikuwa na takriban dakika moja ya kuamua.

Tarehe 8 Januari 2020 kikosi cha ulinzi wa anga karibu na Tehran kiliitungua ndege ya abiria ya Ukraine, wakafa watu wote 176. Hapa mtambo ulikuwa wa kutungua ndege, lakini ugonjwa ulikuwa ule ule. Ripoti ya Iran yenyewe ilieleza kuwa rada ilihamishwa bila kurekebishwa mwelekeo wake, ujumbe kwa makao haukufika, na mwendeshaji akarusha bila ya kupata idhini.

HUDHAIFA NA MSHALE WAKE

Wanafunzi wa Sira hawatalishangaa jambo hili. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 mlimani chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.) na kuwaamrisha wasiondoke kwa hali yoyote. Wengi wao walipoondoka, safu zilichanganyika, na Waislamu wakampiga mwenzao Al-Yaman, baba yake Hudhaifa (R.A.), bila ya kumtambua. Hudhaifa alipiga kelele kuwa huyo ni baba yake, lakini hawakufahamu mpaka walipokwisha kumuua. Akawaombea msamaha kwa Allah. Mtume (S.A.W.) alitaka kumlipa diya, naye akaitoa sadaka kwa Waislamu.

Miaka miwili baadaye, katika vita vya Khandaq, ni Hudhaifa huyo huyo aliyetumwa usiku wa baridi kali kupeleleza kambi ya maadui, akaamrishwa alete habari tu wala asiwachokoze. Akamwona Abu Sufyan, kiongozi wao wakati huo, akijiotesha mgongo motoni. Akautia mshale katika upinde. Lau angefuma angempata. Akaikumbuka amri, akaurudisha. Aliyefiwa na baba kwa pigo la haraka ndiye aliyejua thamani ya kujizuia.

HUKUMU YAKE

Kwanza, kujikinga na kombora ni halali, na kwa mwenye dhamana ya raia ni wajibu. Mafaqihi wameliweka chini ya mlango wa kumzuia mshambulizi, na Imamu Nawawi ameutengea kitabu maalumu katika Minhaj. Sharti lake linajulikana: huanzwa na lililo jepesi, na hailengwi nafsi isiyoshambulia.

Pili, kuhakikisha ni amri ya Qur'ani. Suratul-Hujurat aya ya 6 inaamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na Suratun-Nisaa aya ya 94 inaamrisha hivyo hivyo kwa wanaotoka vitani. Atasema msemaji: dakika moja haitoshi kuchunguza. Tunamjibu: ndiyo maana uchunguzi huanza kabla ya siku yenyewe. Kurekebisha rada, kujaribu mawasiliano, kufundisha askari na kufunga anga kwa ndege za abiria, yote hayo ni katika kuhakikisha. Asubuhi ile ya Tehran anga haikufungwa, ilhali Iran ilikuwa imerusha makombora yake saa chache nyuma.

Tatu, na hili ndilo jibu la mzee wetu: mtambo si mukallaf, kwa hiyo hauna dhima. Hata ukiachiwa ujirushie wenyewe, yupo mwanadamu aliyeuwasha kwa hali hiyo na aliyeruhusu. Mafaqihi wametofautisha baina ya mubashir, mtendaji wa moja kwa moja, na mutasabbib, aliyekuwa sababu. Askari aliyebonyeza, kamanda aliyeamuru na msimamizi aliyeijua kasoro akanyamaza, kila mmoja atapimwa kwa alichokijua na alichokiweza. Kuua kwa kukosea kuna diya na kafara kwa mujibu wa Suratun-Nisaa aya ya 92. Na kosa la Imamu katika hukumu yake lina kauli mbili katika madhehebu ya Shafi: iliyo na nguvu ni kuwa diya hubebwa na aqila wake, na nyingine ni kuwa hutolewa Baitul-Maal. Baada ya tukio la Banu Jadhima, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alijitenga na kitendo cha jeshi lake, na akamtuma Ali (R.A.) kulipa diya za waliouawa na mali iliyoharibika. Hakusema vita ndivyo vilivyo.

Basi mzee wetu tulimjibu hivi: mwanao akisalimika, shukuru Allah, kisha washukuru waliokesha kwenye rada. Na akidhurika mtu asiye na hatia, usikubali kuambiwa kuwa ni mashine. Uliza nani aliruhusu, na alikuwa amehakikisha nini. Swali hilo litaulizwa Siku ya Kiyama, na ni bora viongozi walizoee hapa duniani.

Wallahu A'lam.